Fundi wa Gari la Mabomba

Ukitaka kumpima fundi wa gari la mabomba, lile ambalo fremu yake ni mabomba ya chuma yaliyoungwa, usiombe akuwashie injini. Piga goti uangalie mahali bomba moja linapokutana na jingine. Bomba ni la mviringo, na ukilikata tambarare kisha ukalisimamisha juu ya ubavu wa mwenzake, litagusa mahali pawili tu na kuacha mwanya kila upande. Mwenye haraka huizika mianya hiyo chini ya rundo la chuma kilichoyeyushwa, akasaga kwa grainda, akapaka rangi, na machoni pa mpita njia kazi imeisha. Fundi ninayemzungumzia hulikata bomba mdomo uliopinda, ukafuata mviringo wa lile linalolipokea. Huujaribu, akautoa, akaula kidogo kwa tupa, akaurudisha, mpaka vyuma viwili vikae vyenyewe na wembe usipate pa kupita. Ndipo anapowasha mashine ya kuchomelea. Mshono wake huwa mwembamba, kwa sababu hauna kazi ya kuziba kitu.

Zipo mashine za kukata mdomo huo kwa mzunguko mmoja. Asiye nayo hutumia karatasi. Mkato huchorwa kwenye karatasi, karatasi ikazungushwa kwenye bomba, chaki ikafuata ukingo wake. Ukiikunjua karatasi hiyo utaona mstari unaopanda na kushuka mara mbili. Mabomba yakikutana kwa pembe mraba, milima yake miwili hulingana. Bomba likija kwa mshazari, mlima mmoja hurefuka kuliko mwenzake. Fremu moja ina makumi ya maungio ya namna hii, na mengi hayafanani. Nimewaona watu wakilihesabu jambo hili kuwa kazi ya kitoto. Mimi naliona kuwa ndiyo hesabu nzuri kuliko zote zinazofanyika gereji.

Gari lenyewe huanza na gari jingine. Kwa mazingira yetu, Corolla AE100 ya miaka ya 1990 inafaa sana kuchinjwa. Injini yake imelala kwa upana, giaboksi imeungana nayo ubavuni, difu imo ndani ya giaboksi, na shafti mbili zinatoka humo kwenda kwenye magurudumu. Mzigo huo wote hutoka kwa pamoja. Kwenye Corolla hukaa mbele ukavuta. Fundi huuhamishia nyuma ya kiti cha dereva ukawa unasukuma. Uzito sasa umelalia magurudumu yenye kazi, pua imekuwa nyepesi, na gari linapanda juu ya mchanga badala ya kuulima.

Kuhamisha huko kunataka akili. Ukiusogeza mzigo nyuma ukiwa umeelekea kule kule ulikoelekea tangu kiwandani, kila kitu hubaki sawa. Ukiugeuza, magurudumu yatazunguka kinyume, nawe utajikuta na gia moja ya kwenda mbele na tano za kurudi nyuma. Mtego huu huwangoja hasa wanaochinja Subaru. Injini ya Subaru hukaa mbele ya ekseli na giaboksi nyuma yake. Anayetaka injini ining'inie mkiani, kama ilivyo kwenye Volkswagen Beetle, hana budi kugeuza vyote. Giaboksi ya Beetle ina ukarimu wake: gia kubwa ya difu yaweza kuhamishiwa upande wa pili na mwelekeo ukageuka. Ya Subaru haikubali kirahisi hivyo. Inataka gia zilizochongwa maalumu. Kwa hiyo fundi mwenye busara huiweka injini ya Subaru katikati, nyuma tu ya mgongo wa dereva, na giaboksi ikaelekea mkiani.

Kuna jambo jingine linalosahaulika. Vitovu vya magurudumu ya mbele ya Corolla viliundwa kukata kona. Vikihamia nyuma bado vinataka kukata kona, na gari la namna hiyo haliendesheki. Kila upande lazima ufungwe kwa fimbo fupi kutoka kwenye fremu hadi kwenye ule mkono uliokuwa ukishikwa na usukani, na fimbo hiyo iwe na nafasi ya kurefushwa na kufupishwa. Tena ipande na kushuka kwa njia ile ile ya mkono wa chini unaobeba gurudumu. Isipofanya hivyo, gurudumu la nyuma litajigeuza lenyewe kila linapokanyaga jiwe, na dereva atadhani kosa ni lake.

Hapa ndipo heshima yangu kwa kazi hii inapoanzia. Kila kipande kinachovuliwa kwenye gari kuukuu kina maamuzi ndani yake. Kuna mhandisi aliyeamua beringi iwe kubwa kiasi gani, gurudumu lilale nyuzi ngapi, usukani urudi wenyewe kwa nguvu gani baada ya kona. Maamuzi hayo yalijaribiwa kwa mamilioni ya kilomita kabla gari halijafika mikononi mwa yeyote wa huku. Fundi wa gereji hana maabara ya kuyarudia. Alicho nacho ni futi, kipimapembe na nidhamu ya kupima kabla ya kufungua nati ya kwanza. Yule anayekimbilia kufungua amekwisha kupoteza nusu ya alichonunua, kwa kuwa chuma kitabaki lakini vipimo vitakuwa vimeondoka. Anayepima kwanza huandika umbali kutoka jointi hadi jointi, hupiga picha mabomba ya breki, hufunga karatasi yenye maandishi kwenye kila plagi ya waya. Waya zenyewe hazikatwi hata moja mpaka injini iwe imewaka ndani ya fremu mpya.

Sasa mabomba. Bomba la maji halifai, hata liwe nene namna gani. Lilitengenezwa kubeba maji, halikutengenezwa kubeba kichwa cha mtu gari linapobingirika, na lile lililopakwa zinki hutoa moshi mweupe linapochomelewa, moshi unaomwangusha fundi kwa homa na baridi usiku ule ule. Shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, FIA, linataka chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi. Upinde mkuu unaopita juu ya dereva uwe wa milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0, na mabomba mengine ya kizimba cha kumlinda dereva yawe 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Tazama uchaguzi uliomo katika namba hizo: bomba pana zaidi linaruhusiwa kuwa jembamba zaidi ukutani. Ukakamavu wa bomba hutoka zaidi kwenye upana wake kuliko kwenye unene wa ukuta, na fundi anayelijua hilo hujenga gari jepesi lenye nguvu wakati jirani yake anaongeza kilo tu. Hata mkunjo una sharti lake: nusu kipenyo chake isipungue mara tatu ya kipenyo cha bomba, na bomba lisibonyee wala kufanya makunyanzi.

Nguvu ya fremu, hata hivyo, haitoki kwenye chuma peke yake. Unga mabomba manne kwa mraba, usukume kona moja, na mraba utalala. Ongeza bomba moja la ulalo na tayari una pembetatu mbili ambazo haziwezi kulala mpaka chuma chenyewe kikatike au kipinde. Fundi mzuri huiona fremu yote kwa jicho hilo. Hukitazama kila kishikio cha springi na kila mguu wa injini na kujiuliza nguvu ikitoka hapa itapita wapi, na hataki iishie katikati ya bomba tupu, kwa kuwa katikati ndipo bomba linapopinda. Anataka ifike kwenye kona, ambako mabomba mengine yanangoja kuipokea.

Lakini kona hizo haziwezi kupangwa kabla ya kujua mwili wa dereva utachukua nafasi gani, kwa hiyo dereva hukaa kabla ya fremu kuwapo. Huketi juu ya sanduku, kofia ya chuma kichwani, miguu ikinyooka kuelekea kwenye pedali ambazo bado hazipo, na mabomba ya plastiki ya umeme hushikizwa kumzunguka mpaka umbo lieleweke. Kisha sakafu inasawazishwa, mstari wa katikati unachorwa, na tangu hapo kila kipimo kinatoka kwenye mstari huo. Usipime bomba la tano kutoka kwenye la nne, maana kosa la milimita mbili hurithiwa na kukua. Ulalo wa kulia na wa kushoto hupimwa kila hatua, kama mwashi anavyopima msingi wa nyumba kabla ya kumwaga zege.

Na hakuna kinachochomelewa moja kwa moja. Joto huvuta chuma: mshono unapopoa hujikaza na kulivuta bomba upande wake. Fundi hushikiza maungio yote kwa nukta ndogo ndogo, fremu nzima, hata siku zikipita bila mshono mmoja kukamilika. Akianza kukamilisha, huruka kutoka kona hii hadi ile ya mkabala, mbele kisha nyuma, chini kisha juu, ili mvuto wa upande mmoja uzuiwe na wa upande wa pili. Mtazamaji asiyejua atamwona kama mtu asiye na mpango.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote haina moto hata kidogo. Magurudumu yakishafungwa, fundi huyaacha bila springi wala shokomzoba, akayapandisha kwa jeki sentimita moja moja kutoka mwisho wa chini hadi mwisho wa juu. Anatafuta vitu vitatu. Kwanza, je, shafti inakata? Jointi ya shafti ina pembe yake ya mwisho, na ikipitishwa hapo inavunjika. Ndiyo maana magari haya hufungwa mikanda ya nailoni ya kulizuia gurudumu lisining'inie kupita kiasi gari likiruka. Pili, je, gurudumu la mbele linajigeuza lenyewe usukani ukiwa umetulia? Tatu, je, kuna chuma kinachogusa chuma? Kazi hii inaweza kula siku nzima na haiachi alama yoyote ya kuonyesha wageni. Springi zinakuja baadaye, na za Corolla zenyewe huwa ngumu mno: zilizoea gari la takriban tani moja lenye milango, vioo na buti, na sasa zinaombwa kubeba kizimba chepesi cha mabomba.

Desturi ya kuchinja gari la kawaida kwa ajili ya mchanga ilipata sura yake kubwa California. Mwaka 1964 Bruce Meyers, msanii aliyekuwa akiunda mashua za faibaglasi, alitengeneza bodi fupi ya kuwekwa juu ya mitambo ya Volkswagen Beetle. Akaiita Meyers Manx. Kwa matoleo yaliyouzwa, mnunuzi aliikata sakafu ya Beetle na kuifupisha kwa sentimita 36 hivi. Mwaka 1967, katika mashindano ya kwanza ya Mexican 1000 kwenye rasi ya Baja California, Vic Wilson na Ted Mangels walishinda kwa Manx, wakatumia saa 27 na dakika 38. Siishangai Beetle hata kidogo: ndiyo iliyoshinda Safari Rally ya huku kwetu mwaka 1954, na tena 1962, ikiwa na bodi yake ya kawaida. Meyers aliona kilichokuwa tayari ndani yake, injini mkiani isiyohitaji rejeta na sakafu inayojitegemea bila bodi, akaondoa kilichozidi. Wengine wakaja wakaondoa hata bodi yake, wakabakiza mabomba.

Kenya ina mtihani wake, mgumu kwa namna nyingine. Mashindano ya magari ya Rhino Charge yalianza mwaka 1989 kuchangisha fedha za kuuzungushia uzio wa umeme msitu wa Aberdare, na uzio huo wa takriban kilomita 400 ukakamilika mwaka 2009. Mashindano yaliendelea kwa ajili ya misitu mingine. Magari hupewa saa 10 kupita vituo 13, na mshindi ni aliyetembea umbali mfupi kuliko wote. Mwendo kasi haukuokoi. Anayethubutu kunyoosha njia huteremka korongo ambalo mwenzake amelizunguka. Hapa gari la kuchinjwa huwa Land Rover, Range Rover au Land Cruiser, kwa ajili ya ekseli zao nzima na nguvu za magurudumu manne, na fremu ya mabomba hujengwa fupi, pua na mkia vikakatwa ili tairi ndiyo iguse ukingo kwanza. Ekseli moja inapoinamia kulia na nyingine kushoto, fremu iliyolegea hujipinda, mikono na springi zikakosa kazi. Fremu ngumu hubaki imenyooka na kuziacha springi zijikunje. Yale maungio ya karatasi na tupa, zile pembetatu na zile nukta za kuruka kona hadi kona, zote zinadaiwa hapo kwa pamoja, huku gari likiwa limeegemea ubavu wa korongo.

Gari likishatembea kwa mara ya kwanza, bado chuma kitupu, fundi anayejiheshimu hulivunja tena lote. Injini inatoka, ekseli zinatoka, fremu inageuzwa miguu juu ili mishono ya tumboni ikamilishwe kwa mkono uliotulia. Chuma kisicho na rangi kinasema kweli: ufa mwembamba hutoa mstari wa kutu baada ya usiku mmoja wa umande, na mstari huo hufuatwa mpaka chanzo chake kipatikane na kuimarishwa kwa kibao cha pembetatu. Ndipo rangi inapopakwa, na wengi huchagua nyeupe au kijivu cha kufifia, kwa kuwa nyufa huonekana mapema zaidi juu yake. Kila nati kubwa huchorwa mstari wa rangi unaovuka hadi kwenye chuma kinachoishikilia, na kabla ya kila safari mistari hiyo hukaguliwa mmoja mmoja, kuanzia kwenye vishikio vya mikono ya nyuma, kwa kuwa ndivyo vinavyopokea msukumo wote wa injini.