Gwanda Jukwaani

Tuanze na swali linaloonekana la kitoto. Askari aliye kazini akipanda jukwaani kushindana kuimba, nani mwenye haki ya kumwambia "basi, shuka"? Mtazamaji aliyeshika simu, au mkubwa wake wa kazi? Wengi tutajibu upesi: mtazamaji bwana, si ndiyo sheria ya mchezo! Mimi nasema hapana, na mfano ninao.

Mwaka 2003 televisheni ya Fox ya Marekani ilikuwa ikionyesha msimu wa pili wa American Idol. Mchezo wenyewe tunaujua, maana umeigwa kila pembe ya dunia: vijana wanaimba, waamuzi watatu wanasema yao, kisha watu majumbani wanapiga simu. Mwenye kura haba anafunga virago. Kati ya waliofika mbali alikuwemo Josh Gracin, koplo usu wa kikosi cha Marine, kituo chake Camp Pendleton, California. Huyu hakuwa mstaafu anayetafuta la kufanya. Alikuwa askari kazini, mwenye kiapo na mkubwa wa kumpigia saluti. Na mwezi Machi, shindano likiwa limepamba moto, Marekani ikaivamia Iraki. Divisheni ya Kwanza ya Marine, ambayo makao yake ni hapo hapo Camp Pendleton, ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia kuelekea Baghdad.

Sasa tuitazame fani. Vipindi hivi vinavyoitwa vya maisha halisi vinasimama juu ya mguu mmoja: hofu ya kutolewa. Kila juma taa zinafifia, mtangazaji anavuta maneno weee, roho zinadunda, halafu kijana aliyeponea kura anaambiwa yuko salama. Salama! Neno hilo hilo ndilo mama na wake za askari wa kambi ile walikuwa wakilisubiri kutoka Iraki, tena wao bila mapumziko ya matangazo. Mchezo uliazima neno la watu wenye msiba mlangoni ukalifanya kiungo cha burudani. Sidhani kama kuna mwandishi aliyekaa akapanga iwe hivyo. Lakini kazi ya sanaa haipimwi kwa nia peke yake. Inapimwa pia kwa inachokifanya mbele ya hadhira.

Na hadhira ilifanywa nini? Iliambiwa ihukumu sauti. Hata pale Gracin alipoimba bila gwanda, gwanda lilikuwa pale pale, kwa sababu kila mtu alijua yeye ni nani. Washindani wakarekodi kwa pamoja "God Bless the U.S.A.", wimbo wa uzalendo, vita vikiendelea. Katika hali hiyo, utamnyimaje kura askari? Na ukimpa kura, umempa yeye au umewapa walio vitani? Jibu ni gumu, na ugumu huo ndio dhamira ambayo kipindi kiliipita kama hakikuiona.

Gracin alimaliza wa nne. Wenzake wakaenda kwenye ziara ya maonyesho kiangazi kile, yeye asiende. Jeshi halikumruhusu, akarudi kazini kwake. Kumbe kura zile zote za mamilioni zilikuwa na mpaka, na kura moja ya mwajiri ilitosha kuufunga mlango. Mchezo unahubiri kwamba kijana yeyote akiwa na kipaji atakuwa huru kuchagua njia yake. Huyu alikuwa na mabwana wawili, televisheni na jeshi. Wote walifaidi uso wake, ila mmoja tu ndiye aliyekuwa na amri. Alipotoka jeshini mwaka 2004 ndipo akawa mwimbaji kamili, na mwaka 2005 wimbo wake ukashika namba moja kwenye chati ya muziki wa kantri.

Wapo watakaosema, wewe mhakiki una neno kwa kila kitu, kijana kaimba tu. Sawa, simlaumu kijana. Na askari kuimba si ajabu kwetu. Tanzania tumecheza dansi la Mwenge Jazz ya JWTZ na Kimulimuli ya JKT, na hakuna aliyedanganyika pale. Jina la bendi lenyewe lilikwambia mwenye mali ni nani. Ulijua unacheza muziki wa jeshi.

Mwaka huo huo wa 2003, mwezi Februari, televisheni ya ABC ilianza kuonyesha Profiles from the Front Line, kipindi kilichowafuata askari wa Marekani wakiwa kazini Afghanistan, kwa ushirikiano wa Pentagon. Nacho kina kasoro yake: mgeni hafunui vyungu vya mwenyeji, na kamera iliyoalikwa na jeshi ina adabu ya mgeni. Lakini angalau mtazamaji alijua yuko nyumbani kwa nani. Kwenye Idol mwenyeji alijificha nyuma ya pazia. Mwaka 2007 ABC ikaenda mbali zaidi. Katika The Bachelor ikamweka Andrew Baldwin, daktari na ofisa wa jeshi la majini, awe bwana wa kugombewa na mabinti. Safari hii cheo kikawa pambo la uchumba.

Ndiyo maana nasema uhalisia wa vipindi hivi una kisogo. Unatuonyesha askari akicheka, akilia, akichumbia, akiimba. Amri hautuonyeshi, na amri ndiyo inayomfanya awe askari. Siku nyingine ukimwona mwenye gwanda jukwaani, piga makofi akiimba vizuri, anastahili. Halafu ujiulize ni nani asiyeonekana ambaye akisema "shuka", hakuna simu yako itakayombakisha.