Malengo Sita kwa Jioni Moja

Mchukue binti wa kubuni, ingawa wa kweli kama yeye ni wengi. Amepanga chumba Gitothua, mjini Ruiru, ni wiki ya pili ya Januari, na mbele yake kuna daftari la kurasa 96 lililobaki nusu. Ameandika: kumaliza CPA, ile ya uhasibu. Ploti. Mitumba ya watoto. Leseni ya gari. Kupunguza kilo 10. Kitabu kimoja kila mwezi. Kila mstari una kijisanduku cha kutiwa tiki. Huyu hutoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri ili apate matatu kabla Thika Road haijafungana kwa foleni, na hurudi karibu saa mbili usiku. Akishakula na kuosha vyombo, amebakiwa na saa mbili, stima isipopotea.

Je, malengo sita ni mengi mno? Washauri wa redioni hujibu kwa namba: matatu, au moja tu. Namba hizo zinashikika kichwani, lakini hazisemi zimetoka wapi. Jibu lenye nyama zaidi liko jirani na binti huyu, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru, ambako wataalamu walikalia swali la namna hiyo kwa miaka 14. Wao walikuwa na orodha ndefu pia, na shina moja la kuibeba.

Tatizo lao lilikuwa chulebuni, ugonjwa ambao wakulima wa Kiambu huuita CBD tu. Ni kuvu inayoshambulia tunda la kahawa likiwa bado bichi. Tunda linaingia madoa, linakuwa jeusi, linakauka juu ya tawi. Uliripotiwa Kenya mara ya kwanza mwaka 1922. Mwishoni mwa miaka ya 1960, mvua zilipozidi, ukageuka janga, na mkulima akawa hatui bomba la dawa ya shaba msimu mzima. Mibuni iliyokuwa mashambani, SL28 na SL34, ilichaguliwa na Maabara ya Scott kule Kabete katika miaka ya 1930. Ladha yake ndiyo iliyoijengea kahawa ya Kenya jina duniani. Kinga dhidi ya chulebuni haikuwa nayo ya kutosha.

Mradi wa kutafuta mbuni mpya ulianza mwaka 1971. Miongoni mwa waliouendesha walikuwa Mholanzi H. A. M. van der Vossen na Mkenya D. J. Walyaro. Walitaka kinga ya chulebuni, kinga ya kutu ya majani, mavuno mengi, mti mfupi, ili mingi zaidi ienee kwenye shamba dogo, na ladha isishuke. Hayo ni matano, na hakuna hata moja ambalo serikali au mkulima angekubali lisubiri.

Hapo ndipo ufundi ulipoingia. Hawakuyabebesha yote mzazi mmoja. Kwa upande wa baba walikusanya kinga ya chulebuni kutoka kwa Rume Sudan, mbuni wa Sudan Kusini, kutoka kwa chotara wa kisiwa cha Timor, na kutoka kwa mbuni uitwao K7, kisha wakairudisha damu hiyo kwa SL28 ili ladha irejee. Kwa upande wa mama walichukua Catimor kutoka Colombia, mfupi na mwenye kinga ya kutu. Kila upande ulifanyiwa kazi peke yake kwa miaka, na mwisho tu ndipo wakaozeshwa.

Ujanja wa pili hausimuliwi sana, nao pengine ndio uliouokoa mradi. Mbuni huchukua miaka miwili au mitatu kabla ya kuzaa, na ingekuwa lazima kungoja matunda ili kujua kama mti una kinga, watafiti wangezeekea shambani. Katikati ya miaka ya 1970 walikamilisha kipimo cha kuambukiza kuvu hiyo kwenye vishina vya miche yenye umri wa wiki chache tu. Mche dhaifu ulijulikana ukiwa bado kitaluni, ukatupwa. Ladha haikuwa na njia ya mkato kama hiyo: ilibidi mti ukue, uzae, buni ikaangwe, waonjaji wainyonye na kuitema. Kwa hiyo lengo lenye majibu ya haraka lilitumika kama mlango, na yale yenye majibu ya polepole yakapimwa kwa miti michache iliyopita mlangoni.

Mwaka 1985 mbuni huo ulitolewa kwa wakulima kwa jina la Ruiru 11. Mahali ambapo hekta moja ilikuwa ikipandwa SL28 zipatazo 1,330, sasa iliweza kuchukua mibuni 2,500. Orodha nzima, mtu angesema, imetiwa tiki.

Lakini gharama ilikuwa imejificha kwenye mbegu. Ruiru 11 ni chotara, mchanganyiko wa ndugu wapatao 60, na mkulima akipanda mbegu aliyookota chini ya mti wake hapati mti uleule. Lazima mama na baba wakutanishwe upya kila mara, kwa mkono. Arabika hujichavusha yenyewe, hivyo mfanyakazi huliwahi ua kabla halijafunguka, akalitoa viungo vya kiume kwa kibano, akalifunika kwa mfuko, kisha akarudi na chavua ya baba. Maua ya kahawa hufunguka siku chache baada ya mvua na kunyauka baada ya siku mbili tatu. Kazi yote hiyo kwa tunda linalotoa mbegu mbili. Haishangazi kwamba miche ilikuwa adimu kwa miaka mingi. Mizizi nayo ilikuwa ya juujuu, hata wakulima wakashauriwa kuupandikiza mbuni huo juu ya shina la SL28. Na wanunuzi wengine hawakuacha kunung'unika kuhusu ladha.

Ukiuliza ni lengo lipi kati ya yale matano lililoleta usumbufu huo wa mbegu, kidole kinaelekea kwenye ufupi. Ufupi ulitoka kwa mama, na bila mama huyo hakuna haja ya harusi kila msimu. Mwaka 2010 kituo kilitoa Batian, uliopewa jina la kilele cha juu kabisa cha Mlima Kenya. Ulichaguliwa kutoka ukoo wa akina baba wa Ruiru 11. Una kinga ya chulebuni na ya kutu, punje zake ni kubwa, huwahi kuzaa, na mbegu yake hutoa mti uleule. Ni mrefu. Lengo moja liliachwa, na mzigo wa kibano na mifuko ukaondoka nalo.

Kwa binadamu hesabu hii ya malengo huonekana wazi zaidi kwenye riadha. Katika Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, Sifan Hassan wa Uholanzi alijiandikisha mbio tatu: mita 1500, 5000 na 10,000. Hizo ni safari sita uwanjani na mita 24,500 kwa siku tisa. Mkenya Faith Kipyegon aliingia na 1500 peke yake, akachukua dhahabu, Hassan akapata shaba nyuma yake. Hassan hata hivyo aliondoka na dhahabu mbili na hiyo shaba, kwa hiyo nani alikosea hesabu? Hakuna. Tofauti ni kwamba Hassan alikuwa radhi kulipia la tatu kwa rangi ya medali.

Kipyegon alipoongeza lengo la pili, ratiba ilimsaidia. Kwenye mashindano ya dunia ya riadha mjini Budapest, Agosti 2023, fainali ya 1500 ilikimbiwa tarehe 22, na mchujo wa 5000 ukaanza tarehe 23. Mbio mbili zenye mapafu na mazoezi yanayofanana, zisizogombania siku moja. Akashinda zote mbili. Miaka miwili baadaye, mashindano hayo yalipofanyika Tokyo, alitetea ile ya 1500, na kwenye 5000 akapata fedha nyuma ya Mkenya mwenzake Beatrice Chebet, ambaye naye alikuwa ameunganisha 5000 na jirani yake, 10,000.

Basi turudi kwenye daftari. Ploti haili jioni hata moja: ni makato ya sacco kwenye mshahara, yakishasainiwa yanajiendesha. Kilo 10 zinaweza kupanda mgongoni mwa safari ya kazini, akishuka vituo viwili kabla na kumalizia kwa miguu. Leseni ni Jumamosi kadhaa, kisha imekwisha. CPA na vitabu vinagombania zile saa mbili, na kati ya hivyo CPA ndiyo yenye kipimo cha wiki chache: karatasi za nyuma za mitihani ya bodi ya KASNEB, saa ya ukutani, na alama zisizobembeleza. Vitabu vinaweza kuhamia ndani ya matatu, kondakta asipofungulia muziki hadi mwisho.

Inabaki mitumba. Inataka kufika Gikomba alfajiri belo likifunguliwa ili apate kamera, yaani nguo za daraja la kwanza, inataka Jumamosi ya leseni, inataka jioni ya CPA kwa sababu wateja hupita wakitoka kazini, na mtaji wake unatoka kwenye fedha za ploti. Kwenye ukurasa ni mstari mmoja tu, tena mfupi kuliko ule wa kilo 10. Binti hakuufuta. Aliuhamishia ukurasa wa nyuma, pamoja na nambari ya simu ya mwenye kibanda, akaandika pembeni kwa penseli: baada ya mtihani.