Kobalti itakufa? Tuhesabu kwanza

Wengi wanasema batri ya salfa itaua kobalti yetu ya Kolwezi. Msingi wa maneno hayo ni makala ya Ji, Lee na Nazar, Canada, 2009. Mimi niliisoma. Wazo ni zuri kabisa: salfa inayeyushwa kwa digrii 155, inaingia yenyewe katika matundu madogo sana ya kaboni, sawa maji ku sponji. Kaboni inapitisha umeme, tena inashika salfa isitoroke.

Lakini ile namba! Miliampea-saa 1320 kwa gramu ni ya salfa peke yake. Mchanganyiko ulikuwa na salfa 70%, basi gramu yake inabaki na 924 hivi, na bado hatujapima lithiamu wala maji ya batri. Tena walionyesha mizunguko 20 tu: simu ya kuchaji kila siku haimalizi mwezi.

Makala ilifungua njia, sikatai. Ila kijana wa Kolwezi anayechagua masomo leo asitishwe na namba ya salfa. Aulize: batri nzima ina kilo ngapi, na inaishi siku ngapi?