Anayengoja "ila"

Mswahili akiulizwa hali hujibu "nzuri" hata akiwa na dripu mkononi. Ndiyo adabu. Mwenye shida hutakiwa kwanza aitikie njema, kisha ndipo aongeze kale kaneno kadogo: ila. "Nzuri, ila usiku sikulala." "Salama, ila tumbo ndilo hilo." Wengi wetu tunaokwenda kutazama wagonjwa hatuisubiri hiyo ila. Tukishasikia nzuri tunatoa machungwa kwenye mfuko, tunasema utapona tu, tunachungulia saa.

Mchungaji wa hospitali huisubiri. Nilimfuata mmoja asubuhi nzima katika wodi ya upasuaji, na tangu siku hiyo nikisikia mtu akisema kazi ya mchungaji wa hospitali ni kusali na wagonjwa, naona ni sawa na kusema kazi ya seremala ni kupiga misumari.

Kwanza hutafuta kiti. Daktari wa raundi husimama, muuguzi husimama, ndugu nao husimama kwa kukosa nafasi, na mgonjwa kutwa anaongea na watu walio juu yake. "Shikamoo mzee. Naweza kukaa?" Mzee yule alikuwa amechomwa sindano, amegeuzwa, amefunuliwa shuka, na yote hayo hakuombwa ruhusa. Sasa amepata jambo la kukubali au kukataa. (Wapo wanaokataa. Mchungaji hushukuru, akaenda kitanda cha pili.) Alikubali. Biblia ilibaki mfukoni.

"Habari za tangu asubuhi?"

"Nzuri."

Kisha kimya. Nilihesabu moyoni hadi 20, nikatamani mtu aseme lolote, hata habari za mvua. Mzee akageukia ukuta. "Ila shamba langu liko mteremkoni," akasema.

Alikuwa amekatwa mguu siku nne kabla. Mimi ningemrukia na habari za magongo na miguu ya bandia. Mchungaji alisema neno moja tu: "Mteremkoni." Hapo mzee akafunguka. Shamba lenyewe ni kihamba, alichoachiwa na baba yake, chenye migomba na kahawa, na baba mwenyewe amezikwa humo. Watoto wako mijini. Nani atashuka kupalilia pale? Nikaelewa kwamba mzee huyu alikuwa na msiba ambao hauna jeneza, na hakuna jirani aliyekuja kutandika jamvi kwa ajili yake.

Ustadi huu si kipaji cha kuzaliwa. Unafundishwa, na historia ya mafunzo yake ina mtu mmoja wa ajabu. Anton Boisen, mchungaji wa Marekani, alilazwa mwaka 1920 katika hospitali ya magonjwa ya akili. Alipotoka hakuikimbia dunia ile. Mwaka 1924 akawa mchungaji wa hospitali ya namna hiyohiyo huko Worcester, Massachusetts, na mwaka uliofuata akaleta wanafunzi wanne wa theolojia. Alitaka wajifunze kumsoma mtu anayeteseka kwa uangalifu uleule wanaosomea vitabu. Mbegu hiyo imefika mbali. Moshi, katika hospitali ya KCMC iliyofunguliwa 1971, wachungaji wamekuwa wakifunzwa kwa njia hiyo.

Chombo chao kikuu ni karatasi. Mwanafunzi akitoka wodini hukaa akaandika kwa kumbukumbu mazungumzo yote, neno kwa neno: mgonjwa alisema hivi, mimi nikajibu hivi, akanyamaza, nikakohoa. Majina hufichwa. Kisha husoma mbele ya wenzake na mwalimu, nao huuliza pale panapouma. Hapa mama alitaja mtoto wake, kwa nini wewe ukataja zaburi? Ulikuwa unamfariji yeye, au ulikuwa unajiokoa wewe na machozi yake? Nimeona ukurasa mmoja wa namna hiyo, wa mchungaji yule niliyemfuata, wa enzi za uanafunzi wake. Mgonjwa ana mistari mitano. Yeye ana mistari thelathini, na katikati yake "kazi ya Mungu haina makosa" imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Ameutunza miaka yote.

Siikejeli kauli hiyo. Matangani ina kazi yake, maana husemwa na watu mia waliokwisha kuleta kuni, mchele na miili yao wenyewe kukaa chini pamoja na mfiwa. Ikisemwa kwenye korido ya hospitali ya rufaa, kwa mtu mmoja aliyetoka mkoa wa mbali na simu imeisha chaji, hufunga mlango. Mchungaji mzuri huanza na simu: nani wa kwanza kuambiwa, na nani atamwambia. Mfiwa akiwa Mwislamu, humtafutia shehe, na huulizia upesi taratibu za kuuchukua mwili ili mazishi yasicheleweshwe. Mahubiri hayamo.

Alinisimulia pia kisa cha zamani, bila jina wala mahali. Binti alijifungua mtoto aliyekwisha kufariki tumboni. Hapakuwa na matanga. Waliokuja walimwambia bado kijana, utapata mwingine. Mchungaji alikwenda siku ya kwanza: nzuri. Siku ya pili: nzuri. Alikaa dakika chache kila mara, akaaga. Siku ya tatu karibu apite bila kuingia, maana wodi ilikuwa imejaa na yeye alikuwa na njaa.

"Shikamoo, Baba Mchungaji."

"Marahaba, mwanangu. Habari za leo?"

"Nzuri." Akaikaza kanga kifuani. "Ila maziwa yanatoka."

Akavuta kiti.