Chumba cha Nne cha Klipa
Meli inatia nanga, inapakia ramu, inang'oa nanga. Hakuna aliyeigusa. Katika Anno 1800, gemu ya kujenga miji iliyotengenezwa Mainz, Ujerumani, na kutolewa mwaka 2019, naweza kukaa nusu saa nikiitazama klipa moja tu, meli ya matanga ya mizigo, ikienda na kurudi kati ya kisiwa cha Ulimwengu Mpya kunakolimwa miwa na mji wa Ulimwengu wa Kale ambako mafundi wanaingoja ramu yao. Wapo wanaosema hapo mchezo umekwisha, kompyuta inajichezea yenyewe. Mimi hapo ndipo ninapouona mkono wa mchezaji.

Njia ya biashara hupangwa kwanza, kisha meli huizunguka bila kuuliza tena: bandari hii pakia kitu fulani, kiasi fulani, bandari ile shusha. Kwa hiyo fikra yote lazima itangulie. Kiwanda kimoja cha ramu hutoa tani 2 kwa dakika. Vikiwa vitatu, tani 6. Tuseme safari ya kwenda na kurudi huchukua dakika 20: kila mzunguko utakuta tani 120 zinangoja. Klipa ina vyumba vinne vya shehena, kila kimoja cha tani 50. Vitatu vinaitosha ramu. Cha nne je? Mchezaji mwenye haraka atakiongezea ramu vilevile. Mjuzi atakitia vitambaa vya pamba, maana bila hivyo makoti ya manyoya hayashonwi kule mjini. Na meli inapogeuza, haiachi iende tupu: anaipakia bia na cherehani, kwa kuwa wakazi wa Ulimwengu Mpya nao wana mahitaji yao.

Niliwahi kujaza ramu vyumba vyote vinne. Mji haukunywa kiasi hicho, ghala likafurika, klipa ikashusha kidogo na kurudi na iliyobaki. Ilipofika kwenye miwa haikuwa na nafasi ya kupakia chochote. Ikawa inasafirisha ramu ileile baharini, huku na huko. Tangu siku hiyo, nikiona njia ya mtu iliyopimwa sawasawa, nasimama kuitazama kama ninavyotazama mlango uliochongwa vizuri.

Kuendesha kila kitu kwa mkono nako kuna wakati wake. Mwanzoni una skuna, meli ndogo ya vyumba viwili, unapeleka mbao za kufungua kisiwa kipya, na lazima uiongoze mwenyewe. Hapo ndipo unapojifunza bahari. Meli ya matanga hutegemea upepo, na iliyojaa huenda taratibu kuliko tupu. Zile dakika 20 huwezi kuzikisia ukiwa hujawahi kuisindikiza meli kwa macho yako. Anayekimbilia kupanga njia kabla ya kusafiri hupanga gizani.

Wazo hili la kutawala kwa amri iliyotangulia ni la zamani. Caesar III, gemu nyingine ya kujenga miji, ya mwaka 1998, haikukupa hata nafasi ya kumtuma mkazi. Mama wa soko hutoka mwenyewe kwenda ghalani, anarudi akifuatwa na watoto waliobeba vikapu, na wewe unachoweza kufanya ni kuweka soko na ghala mahali ambapo safari yake itakuwa fupi. Biashara ya nje nayo hutawaliwa na namba: uza vyungu vinavyozidi kiasi hiki. Namba hiyo naipenda kuliko vita vyote vya gemu ile. Ikiwa ndogo mno, wafanyabiashara wa nje wanaondoka na vyungu ambavyo nyumba zako zinavihitaji, na nyumba zinashuka daraja. Ikiwa kubwa mno, ghala linajaa na hazina haiingizi kitu. Tena namba huzeeka: iliyoufaa mji wa watu 500 haitaufaa wa watu 2,000, wala hakuna kengele itakayokwambia.

Ndiyo maana mchezaji mzuri hurudi. Hafanyi hivyo kila dakika, kwani hiyo ni hofu. Hurudi pale mji unapobadilika. Juzi wahandisi wa kwanza walihamia mjini kwangu, na wahandisi wanataka kahawa. Nikaifungua njia ya klipa, nikahamishia vitambaa vya pamba kwenye skuna ya zamani iliyokuwa imelala bandarini, kisha nikaandika kahawa kwenye chumba cha nne. Nikaifunga. Klipa ilikuwa bado katikati ya bahari, matanga yamejaa.