Kidole Gumba cha Mwenda

Katika Tanzania ya miaka ya 1970, mpiga gita wa bendi mara nyingi hakuwa na gita. Vyombo vilikuwa mali ya mwajiri: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, Polisi Jazz ya polisi wenyewe. Mwanamuziki aliyevutwa na bendi nyingine aliondoka mikono mitupu, akakuta huko gita jingine, amplifaya nyingine na wenzake wageni. Hata hivyo wapenzi wa dansi hawakupata tabu kumjua. Mwaka 1973 Mbaraka Mwinshehe alipoiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano, solo lake lilihama naye: lile linalomdaka mwimbaji, ambaye mara nyingi ni Mbaraka mwenyewe, kabla hajameza mate.

Anayemtafuta mpiga gita kwenye chapa ya gita, basi, anamtafuta asipokuwapo. Aanze na mkono.

Mkono wa kuanza nao ni wa Jean-Bosco Mwenda, Mwenda wa Bayeke, mwana wa Katanga, Kongo, aliyezaliwa mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake ya kurekodi, alimkuta Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Miongoni mwa nyimbo alizozinasa ni Masanga. Gita ni moja, tena si la umeme, na mpigaji ni mmoja. Lakini msikilizaji huapa wako wawili, mmoja akitembea na besi huku chini, mwingine akirukaruka juu na kukatisha njia ya mwenzake. Kazi yote hiyo ilifanywa na vidole viwili vya mkono wa kulia, gumba na shahada. Gumba hushuka na uzito wa mkono. Shahada huchokoa uzi kwa kupanda, nyepesi. Noti mbili zinazofuatana hazipati nguvu sawa, na mapigo yanachechemea kidogo, kwa madaha. Wapiga gita wa klasiki hutumia vidole vinne na husota miaka wakivifundisha vilingane. Mwenda aliacha vidole vyake vitofautiane, na tofauti hiyo ikawa ngoma yake. Juu ya hapo, ubeti ukirudi hakuurudia vilevile. Kila mzunguko alihamisha kitu.

Ila vidole viwili pekee havitoshi kueleza jinsi mpigaji anavyotambulika, kwa kuwa wengi walipiga hivyo na hawafanani hata kidogo. Magharibi mwa Kenya George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, alipiga huku chupa ya Fanta ikigongwa pembeni. Kioo kinapolia namna ile, gita linapata nafasi ya kupumua.

Franco Luambo, aliyezaliwa mwaka 1938, alianza na gita la kujitengenezea katika soko la Léopoldville, Kinshasa ya leo, karibu na mama yake aliyekuwa akiuza maandazi. Hebu mtu ajaribu kupiga wimbo mpole katikati ya soko! Pengine ndiko alikozoea kutumia kifungu kifupi na kikali, nyuzi mbili zikipigwa pamoja, kikirudiwa hadi mpita njia ageuze shingo. Kuanzia mwaka 1956 alikuwa katika bendi ya OK Jazz, na kifungu kile hakikulainika. Katika jiji hilohilo, Nico Kasanda wa African Jazz, aliyeitwa Dokta Nico, alielekea kwingine kabisa: noti moja moja, ndefu, zinazoimba. Haishangazi kwamba alilipenda pia gita la Kihawaii, ambalo noti zake huteleza. Wabishi wa rumba bado wanagombania nani alimzidi mwenzake. Kwa ufundi wa vidole, Nico. Kwa kuwainua watu vitini, Franco, na hapo ubishi ungeweza kufungwa.

Chombo nacho kina lake. Uzi ukipigwa karibu na daraja hutoa sauti nyembamba, yenye makali; ukipigwa kuelekea shingoni sauti hunenepa. Wakongo walifika hadi kubadilisha uzi wa nne kwa uzi mwembamba uliopandishwa oktava moja, wakapata gita la mi-composé, lenye mlio unaometameta kati ya solo na gita la kusindikiza. Bendi nyingi zililitumia. Sikio lililozoea bado hutambua ni nani analipiga.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mtafiti wa muziki David Rycroft aliuchambua upigaji wa Mwenda na kuuandika kwa nota katika jarida la African Music. Nota zilikuwepo, santuri zilikuwepo. Bado mwaka 1979 Mwingereza John Low, mpiga gita, alifunga safari hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, kuwatafuta Mwenda na wapiga gita wenzake Losta Abelo na Edouard Masengo, akaketi nao na kuwatazama mikono.