Juu ya Nini Padri Landu Aliondoka?

Tangu Valentin-Yves Mudimbe alipofariki inchini Marekani, mwezi wa Aprili 2025, wasomaji zaidi ya mmoja wametuomba tuseme neno juu ya kitabu chake Entre les eaux. Tumekawia, wala si kwa uvivu. Kitabu hiki kinatugusa pahali panapouma, na mwandishi wake ni mtoto wa mji wetu: alizaliwa hapa Likasi, siku zile ikiitwa Jadotville, tarehe 8 Desemba 1941. Mtu hasomi kitabu cha ndugu yake sawa anavyosoma cha mgeni.

Kwa wale ambao hawajakishika: kilitoka Paris mwaka wa 1973. Pierre Landu, padri mweusi aliyesoma sana, hata Roma, anaacha misioni na kwenda msituni kwa waasi wanaofuata mafundisho ya Marx. Anasema anakwenda kwa ajili ya haki, tena juu ya haya anayoona kwa kuwa mtumishi wa Kanisa lililokuja pamoja na wenye kututawala. Waasi hawamwamini. Baadaye anaoa mke, jina lake Kaayowa. Hapo tena hakai. Mwisho tunamkuta ndani ya monasteri ya Wasistersiani, amepewa jina jipya. Yeye mwenyewe ndiye anayesimulia yote.

Ndani ya nyumba zetu kitabu hiki kimesomwa kwa namna moja tu: je, Landu alikuwa na imani ao hakuwa nayo? Wengine wanasema alipotea akarudi. Wengine wanajibu kwamba hakurudi kamwe, alijificha tu. Sisi tunaona kwamba ulizo hilo ni la wasomaji, si la kitabu. Kitabu kinauliza jambo lingine, gumu zaidi: juu ya nini mtu anafanya anayoyafanya, na je, yeye mwenyewe anajua?

Mwangalieni Landu kule msituni. Ameacha kanzu, lakini hajaacha kupima dhamiri yake kila saa, sawa frateri anayengoja kengele ya jioni. Anatafuta mkubwa wa kumtii, na akiisha kumpata anamhukumu moyoni. Sababu anazo nyingi, zote nzuri, zote zimepangwa sawa masomo ya teolojia. Lakini kadiri anavyozipanga, ndivyo tunavyoanza kushuku kwamba zilikuja nyuma ya tendo, si mbele yake. Hapo ndipo Mudimbe anapoonyesha nguvu yake. Hamsemi Landu kuwa mwongo. Anatuonyesha mtu mkweli asiyejijua, na watu wa namna hiyo ni wengi kuliko waongo.

Mudimbe alijua alichoandika. Ndani ya kitabu chake cha kumbukumbu, Les corps glorieux des mots et des êtres, cha mwaka wa 1994, anasimulia ginsi alivyolelewa na Wabenediktini: aliingia seminari angali mtoto, akawa monaki inchini Rwanda, akatoka angali kijana. Anasema juu ya bustani ya Kibenediktini, na tunaelewa kwamba mti uliopandwa pale ni yeye.

Na mji wetu je? Likasi yote ilikuwa bustani ya namna hiyo. Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilitaka mtumikaji akae na mke na watoto karibu na kazi, asirudi kijijini kila mara. Ikajenga kambi, ikagawa posho, ikasaidia shule za misioni, ikahesabu hata watoto waliozaliwa. Wazee wa Panda na wa Shituru wanakumbuka vizuri ni nani aliyepanga saa ya kuamka na saa ya kulala. Kampuni ilisadiki kwamba ukishika chakula cha mtu, nyumba yake na saa zake, umeshika na mwenendo wake.

Lakini juma lilelile Mudimbe alipozaliwa, Desemba 1941, watumikaji hao hao waligoma, hapa Jadotville na kule Elisabethville. Bei za vitu zilikuwa zimepanda wakati wa vita, mshahara haukutosha. Tarehe 9 askari walipiga risasi Elisabethville na watu wengi wakafa. Watu waliolelewa kwa sireni waliacha kuifuata sireni. Kampuni haikulitazamia jambo hilo, ingawa ilikuwa na madaftari mengi juu yao.

Basi tunasema hivi: malezi yanatueleza namna mtu anavyotenda, lakini hayatuelezi tendo lenyewe. Landu anaasi sawa mseminari, hiyo ni kweli. Lakini seminari haisemi juu ya nini aliasi yeye, na mwenzake wa darasa lilelile akabaki parokiani. Mudimbe mwenyewe alisikia kengele ileile, akaenda njia nyingine kabisa: akawa mwalimu wa chuo kikuu. Wenye kusema «alikuwa hivyo kwa sababu alilelewa hivyo» wanakwenda mbio mno.

Padri Placide Tempels, aliyetumika Katanga miaka mingi, aliona ugumu huo mapema. Kitabu chake juu ya filosofia ya Kibantu, cha mwaka wa 1945, kinaanza na watu aliowaona kwa macho: Wakristo ambao shida ikiwapata wanarudia desturi za wazee. Wengine waliita hiyo unafiki ao ujinga. Tempels alisema: hapana, kuna mafikiri chini yake, shurti tuyajue. Kwa hiyo tunamshukuru. Lakini aliweka fikira moja, ile ya nguvu ya uzima, chini ya matendo yote ya watu wote weusi, na Mudimbe alikuwa mmoja wa wale waliomhoji vikali juu ya hiyo. Mtu wa Panda hakuwa na fikira moja. Asubuhi alikuwa mtu wa kampuni, Jumapili mtu wa Kanisa, na barua ya mjomba ikifika kutoka kijijini alikuwa mtu wa ukoo. Mara nyingine yote matatu saa moja.

Sasa, tukisifu kitabu shurti tuseme na kosa lake. Kaayowa tunamwona kwa macho ya mume wake tu. Anaishi na Landu, anamwona akila, akilala, akinyamaza. Bila shaka anajua juu yake mambo ambayo Landu hayajui. Kitabu hakimpi nafasi ya kuyasema. Mtatuambia kwamba Landu ndiye msimulizi, na kwamba upofu huo ni wake. Tunakubali nusu. Mwandishi stadi kama huyu angeweza kutupa hata maneno kumi ya mke, yakapita bila Landu kuyaelewa, na sisi tukayaelewa. Kujichunguza peke yako ni sawa kutafuta ufunguo gizani na mikono yako mwenyewe umeishika nyuma.

Tulisema kwamba kitabu kinatugusa pahali panapouma. Sisi tunaoandika hapa, kila mwisho wa mwaka tunajaza karatasi juu ya vijana: anapenda sala, anatii, ana nia safi. Mwaka mmoja tuliandika hayo yote juu ya kijana fulani, na kwa Pasaka alikuwa amekwenda zake bila kuaga. Tulisema: alitudanganya. Mama yake, alipokuja kuchukua sanduku, alituambia kwa upole kwamba tangu kifo cha baba yake, miaka miwili mbele, mwana wake hakulala usiku. Sisi tulikuwa tumeandika «anaamka mapema kwa sala.»

Mwaka huu tumeacha ndani ya karatasi nafasi ya maneno ya kijana mwenyewe na ya watu wa kwao. Mwenzetu mmoja alinung'unika kwamba kazi itakuwa ndefu. Ilituchukua siku mbili zaidi.